Philip Guston na Picha Zilizowakimbiza Marafiki

Mwanzoni mwa mwaka 1933, askari wa kikosi cha polisi wa Los Angeles kilichopewa kazi ya kuwasaka wakomunisti walivamia ukumbi wa John Reed Club huko Hollywood. Humo ndani vijana wa klabu walikuwa wamechora picha kuhusu kesi ya Scottsboro, ile ya wavulana tisa Weusi waliosingiziwa huko Alabama mwaka 1931 kwamba wamewabaka wanawake wawili wa Kizungu. Askari walizivunja picha hizo, nyingine wakazifyatulia risasi. Kijana mmoja wa miaka 19 alikuwa amechora mtu Mweusi akichapwa na mfuasi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wanaovaa majoho na kofia zenye ncha zinazoficha nyuso. Baadaye alisimulia kwamba watu aliowachora walitobolewa kwa risasi machoni.

Kijana huyo aliitwa Phillip Goldstein. Ulimwengu wa sanaa unamjua kwa jina la Philip Guston, mmoja wa wakubwa wa kizazi cha New York kilichoachana na sura za watu na vitu, kikaiachia rangi na mwendo wa mkono vibebe hisia zote za picha. Wahakiki waliuita mtindo huo ekspreshonizimu dhahania. Guston aliupata akiwa mtu mzima, ukampa sifa, na alipoupa kisogo hadharani akiwa na miaka 57 wengi walimwona msaliti. Ukizipanga kazi zake tangu ya kwanza hadi ya mwisho, utaona kwamba kilichokuwa kikimsumbua alipokuwa kijana ndicho kilichokuwa kikimsumbua uzeeni: uovu unapotembea barabarani mchana kweupe, mchoraji asimame wapi?

Alizaliwa Montreal, Kanada, tarehe 27 Juni 1913, kitinda mimba wa familia ya Wayahudi waliotoka Odessa. Wakahamia Los Angeles angali mdogo. Baba yake hakupata kazi ya maana huko. Aliishia kuzunguka na mkokoteni akikusanya takataka na vyuma chakavu. Mwaka 1923 hivi alijinyonga, na inasimuliwa kwamba Phillip, mtoto wa miaka kumi, ndiye aliyeukuta mwili ukining'inia. Baadaye kaka yake Nat alifariki baada ya gari kumponda miguu.

Phillip alijifungia kabatini. Mle ndani kulikuwa na balbu moja tu iliyoning'inia kwa waya, naye alikaa chini yake akichora vibonzo huku ndugu zake wakipiga soga sebuleni. Mama yake alimlipia masomo ya posta ya uchoraji wa katuni kutoka chuo cha Cleveland. Balbu ile, waya ule, kamba ile na miguu ile vitarudi kwenye picha zake miaka hamsini baadaye, na hakuna sababu ya kudhani vilirudi kwa bahati.

Katika shule ya Manual Arts alikutana na kijana mwingine mkorofi wa brashi, Jackson Pollock. Wawili hao walichapisha kijarida cha kuikejeli shule kwa kuthamini michezo kuliko sanaa, wakafukuzwa. Pollock alirudi darasani. Guston hakurudi, alijisomea mwenyewe, akaingia chuo cha Otis kwa ufadhili, akatoka huko pia baada ya muda mfupi. Alichokitaka kilikuwa kwenye vitabu vya picha za Italia: Giotto, Masaccio, na zaidi ya wote Piero della Francesca.

Mwaka 1934, yeye na rafiki yake Reuben Kadish waliendesha gari bovu hadi Meksiko, nchi iliyokuwa wakati huo kitovu cha uchoraji wa ukutani. Mjini Morelia walipewa ukuta mkubwa wa jengo la kale ambalo leo ni makumbusho ya kikanda ya Michoacán. Waliujaza mateso yote waliyoyajua: vyombo vya kutesea watu vya zama za Kanisa la kale, miili iliyopinduliwa kichwa chini, na watu waliofunikwa nyuso kwa kofia zenye ncha. Guston alikuwa na miaka 21, na mkono wake ulikuwa tayari na nguvu za mtu mzima.

Pollock, aliyekuwa ametangulia New York, alimshawishi ahamie huko. Ilikuwa enzi ya mdororo mkubwa wa uchumi, na serikali ya Roosevelt ilikuwa ikiwalipa wachoraji mshahara wa kupamba majengo ya umma. Guston aliishi kwa kazi hizo. Ndipo pia alipobadilisha jina lake la Kiyahudi, na mwaka 1937 alimwoa Musa McKim, mchoraji na mshairi. Jambo la jina lilimkaa rohoni. Binti yao, Musa Mayer, ameeleza katika kitabu chake *Night Studio* jinsi baba alivyoificha asili hiyo, na jinsi ilivyokuja kumtesa baada ya dunia kujua yaliyowapata Wayahudi wa Ulaya.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifundisha katika Chuo Kikuu cha Iowa, mbali na kelele za New York. Huko aliacha kuta, akashika turubai. *If This Be Not I* ya mwaka 1945 inaonyesha watoto waliovaa vinyago na kofia za karatasi, wamebanana kwenye kibaraza chenye giza, hakuna anayecheza. Mwaka huo huo alishinda zawadi ya kwanza ya maonyesho ya Carnegie mjini Pittsburgh. Mtu mwingine angetulia hapo. Lakini picha za kambi za mauaji zilikuwa zimeanza kuonekana magazetini, na katika *Porch II* ya mwaka 1947 watoto wale wamekonda, wamebanwa, mmoja miguu juu. Kisha watu wakaanza kuyeyuka kabisa. Katika *The Tormentors*, iliyokamilika 1948, imebaki mistari, misumari na nyayo za viatu juu ya wekundu na weusi. Mwenye jicho la kutafuta ataziona bado kingo za kofia zenye ncha. Hiyo ndiyo picha ninayoiona kuwa mlango. Wapiga viboko wa mwaka 1933 wamo ndani yake, ila wamezamishwa.

Zawadi ya kwenda Roma ilimpeleka Italia mwaka 1948. Alikwenda Arezzo kumwona Piero ana kwa ana, akazunguka akichorachora, na hakurudi na picha nyingi. Kwa miaka mingi baadaye alibandika nakala ya picha ya Piero ya Kristo akipigwa mijeledi ukutani nyumbani kwake. Ni picha ya ajabu: mateso yako nyuma, pembeni kidogo, huku watu watatu waliovaa vizuri wakizungumza mbele kana kwamba hakuna linalotokea.

New York aliyoirudia ilikuwa imegeuka. Pollock alikuwa ameanza kumwaga rangi juu ya turubai iliyolazwa sakafuni, de Kooning akigombana na maumbo, Rothko akitandaza mawingu yake ya rangi. Guston aliingia kundini akiwa amechelewa, na kwa njia yake. Alisogea karibu na turubai kiasi cha urefu wa mkono, akaamua kutorudi nyuma kuitazama mpaka amalize. *White Painting I* ya mwaka 1951 ilizaliwa hivyo: mistari mifupi ya wima na mlalo, imekusanyika katikati kwa kusitasita, pembezoni weupe mtupu.

Kutoka hapo rangi zikapanda joto. Picha kama *To B.W.T.* ya mwaka 1952 na *Zone* ya miaka ya 1953 na 1954 hazina mtu, hazina mti, wala upeo wa bahari. Kuna ukungu wa kijivu na waridi, na katikati wekundu umejikusanya, brashi baada ya brashi, kila moja imewekwa pole pole na kuachwa ionekane. Hakuna fujo ya Pollock hapo. Kuna kusita, kurudia, kufuta, kuweka tena. Baadhi ya waandishi walimfananisha na Monet wa maua ya majini, jambo ambalo halikumpendeza, kwa sababu yeye hakuwa akichora bustani yoyote. Nadhani wanaozipita picha hizi haraka ili wafike kwenye kisa cha 1970 wanajidhulumu. Ni miongoni mwa kazi nyororo zilizotoka katika karne ile, na aliyezichora hakuwa akiigiza.

Alikuwa na mwenzi wa mawazo: mtunzi wa muziki Morton Feldman, waliyekutanishwa na John Cage mwaka 1950. Walikesha wakizungumza, wakila na kuvuta sigara. Feldman alitafuta muziki wa sauti chache zilizo pekee, zisizosimulia chochote, na alikiona kitu hicho hicho kwenye turubai za rafiki yake. Kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa kama chanda na pete.

Heshima zilifuatana. Makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York ilipeleka uchoraji mpya wa Marekani katika nchi nane za Ulaya mwaka 1958 na 1959, na kazi za Guston zilikuwemo. Mwaka 1960 zilikuwa Venice. Mwaka 1962 makumbusho ya Guggenheim ilimfungulia maonyesho makubwa ya kazi zake za miaka yote.

Mwaka huo huo nyumba ya sanaa ya Sidney Janis, iliyokuwa ikimuuzia picha, ilipokea vijana waliochora makopo ya supu na matangazo ya biashara. Guston na wachoraji wenzake Rothko, Motherwell na Gottlieb waliondoka kwa kupinga. Inafaa kulikumbuka hilo, maana mtu aliyeondoka kwa sababu ya picha za vitu vya kawaida ndiye atakayekuja kujaza turubai zake viatu, pasi na masoseji.

Ndani yake mambo hayakuwa shwari. Wekundu ulififia, miaka ya 1960 ilipofika katikati alikuwa akipaka kijivu juu ya nyeusi, na katika kijivu hicho yalianza kujitokeza mabonge meusi yanayofanana na vichwa. Mwaka 1966, baada ya maonyesho kwenye makumbusho ya Kiyahudi ya New York, aliacha kupaka rangi. Kwa miaka miwili hivi alichora tu kwenye karatasi, mamia ya karatasi. Siku nyingine ulikuwa mstari mmoja wa wino, mtupu, wa mtu anayeanza kujifunza upya. Siku nyingine kilikuwa kitabu, kikombe, kiatu. Aliamka akiamini mistari, akalala akiamini vitu.

Nje ya studio Marekani ilikuwa ikiwaka. Vita vya Vietnam viliingia sebuleni kupitia televisheni. Martin Luther King aliuawa Aprili 1968. Agosti ya mwaka huo polisi wa Chicago waliwapiga marungu waandamanaji nje ya mkutano wa chama cha Democratic. Guston, ambaye sasa alikuwa amehamia moja kwa moja Woodstock, kijiji cha milimani kaskazini mwa jiji la New York, alieleza baadaye alivyojiona amepasuliwa vipande viwili. Alisoma magazeti akajaa hasira, kisha akaingia studio kurekebisha wekundu ulingane na buluu. Hakuweza tena kuyabeba yote mawili.

Akaanza na vibao vidogo: kiatu kimoja, kitabu kilichofunguliwa, tofali, balbu. Halafu zikaja kofia.

Katika *City Limits* ya mwaka 1969 watu watatu wa Klan wamebanana kwenye kigari cheusi, wanaingia mjini. Katika *The Studio* ya mwaka huo huo yupo mmoja tu, amekaa mbele ya turubai. Joho lake limeshonwa kwa mishono minene kama ya mtoto, damu imelitonea. Mkono mmoja, mwekundu na mnene, umeshika brashi; mwingine umeshika sigara inayofuka moshi. Juu yake inaning'inia balbu. Anachora nini? Anajichora mwenyewe, kofia na yote. Kila kitu kimechorwa kwa kontua nene za vibonzo vya utotoni, lakini waridi na wekundu ni ule ule wa *Zone*, na brashi imewekwa kwa kusita kule kule. Mvutaji sigara mkubwa katika studio ya Woodstock alikuwa Guston mwenyewe. Mwaka 1933 alikuwa amewachora wauaji kama watu wengine, walio upande wa pili wa barabara. Sasa alijiuliza ingekuwaje kuwa mmoja wao: apange jambo, avute sigara, aendeshe gari, kisha arudi nyumbani kulala. Mtoto wa waliokimbia chuki dhidi ya Wayahudi alivaa vazi la wanaomchukia ili aone dunia kupitia matundu yake mawili.

Picha zaidi ya 30 za aina hiyo zilitundikwa kwenye nyumba ya sanaa ya Marlborough, New York, Oktoba 1970. Walioingia walitarajia ukungu wa waridi. Hilton Kramer wa gazeti la *New York Times* aliandika kwamba huyu alikuwa bwana mkubwa wa utamaduni aliyejitia kuwa mtu wa mitaani asiyejua lolote. Robert Hughes wa *Time* naye hakuona cha kusifu. Wachoraji wenzake waliohudhuria walijikohoza, wakatazama chini, wakaondoka mapema. Kwa kizazi kilichopigana miaka 20 ili picha isilazimike kusimulia chochote, kumwona mmoja wao akirudi kwenye hadithi, tena kwa vibonzo, kulikuwa kama kuona geti la ngome likifunguliwa kutoka ndani. Hofu yao naielewa. Hukumu yao ilikuwa mbovu.

Willem de Kooning ndiye aliyemkumbatia, akamwambia kwamba jambo lililokuwa pale lilikuwa uhuru. Harold Rosenberg, mhakiki aliyekuwa ametetea kizazi chote kile, naye alimtetea. Feldman alisimama mbele ya picha na hakusema neno. Ukimya huo uliua urafiki wao.

Guston aliondoka na mkewe kwenda Roma mara baada ya ufunguzi, na hakiki zikamfuata huko. Alichora bustani za mji, miti iliyokatwa vichwa, magofu, vyote kwa waridi lile lile. Kiangazi cha 1971, akiwa amerudi Woodstock, alizama katika michoro ya kalamu kuhusu Rais Nixon. Jirani na rafiki yake, mwandishi Philip Roth, alikuwa akiandika kejeli juu ya Nixon huyo huyo. Michoro ile ilikaa kabatini hadi 2001 ndipo ikatoka kama kitabu.

Muongo wa mwisho ulikuwa wa kazi kama ya mtu anayekimbizwa. Alipaka usiku, turubai kubwa moja baada ya nyingine, na mauzo yalikuwa madogo. Marlborough haikuendelea naye. Kijana aliyekuwa akifanya kazi hapo, David McKee, alifungua nyumba yake ya sanaa mwaka 1974 na kumchukua. Kuanzia 1973 alisafiri pia kufundisha Chuo Kikuu cha Boston. Kofia zikapungua. Kilichokuja mahali pake ni kichwa kikubwa chenye umbo la haragwe na jicho moja lililovimba, lisilofumba.

*Painting, Smoking, Eating* ya mwaka 1973, ambayo sasa iko Amsterdam, inamwonyesha kichwa huyo kitandani. Blanketi limemfika kidevuni. Sahani ya chipsi imewekwa kifuani. Sigara iko mdomoni, na nyuma yake kuna lundo la viatu, nyayo zake zikimtazama mtazamaji. Mwonekano wa viatu vile unachekesha kwa nukta moja, kisha unakumbuka picha za kambi, na Guston alijua kwamba utakumbuka.

Mwaka 1977 mkewe Musa alipata kiharusi. Mumewe, aliyekuwa amezoea kumchora kama paji la uso na nywele zilizogawanywa katikati, likichomoza juu ya upeo kama jua, alichora *Couple in Bed*. Wawili wamelala wakikumbatiana, vichwa vimeshikana hadi huwezi kuvitenganisha. Yeye hajavua viatu. Katika mkono ulio nyuma ya mkewe amekamata brashi zake, kwa nguvu.

Mshtuko wa moyo wa mwaka 1979 ulimnyima uwezo wa kusimama mbele ya turubai kubwa. Alihamia kwenye karatasi ndogo na rangi za akriliki: mpira unaoviringika mlimani, birika, ngazi, vitu vichache kwenye nafasi tupu. Mei 1980 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya San Francisco ilifungua maonyesho ya kazi za maisha yake yote, picha za waridi na za kofia zikiwa chini ya paa moja. Majuma matatu baadaye, tarehe 7 Juni, alifariki Woodstock akiwa na miaka 66. Aliyesoma dua ya Kiyahudi ya wafu kwenye mazishi yake alikuwa Morton Feldman, kwa ombi aliloliacha Guston mwenyewe. Mwaka 1984 Feldman alimtungia rafiki yake muziki wa filimbi, piano na ala za kugonga unaochukua zaidi ya saa nne bila kupumzika.

Picha zilizodharauliwa zikawa shule kwa wachoraji wa miaka ya 1980 na waliofuata. Hata hivyo kofia hazikupoa. Septemba 2020, miezi michache baada ya George Floyd kuuawa na polisi huko Minneapolis, makumbusho manne makubwa ya Washington, London, Boston na Houston yaliahirisha hadi 2024 maonyesho ya Guston yaliyoandaliwa kwa miaka, yakihofia picha za Klan zingeeleweka vibaya. Wasanii kwa mamia, Weusi kwa Weupe, walisaini barua ya kupinga. Ahirisho likafupishwa, na Boston ikafungua Mei 2022, ikiwapa wageni karatasi ya kuwaandaa kihisia na njia ya kupita bila kuziona kofia.

Jibu lenye nguvu zaidi halikutoka kwa wakurugenzi. Lilitoka kwa Trenton Doyle Hancock, mchoraji Mweusi aliyekulia mji wa Paris, jimbo la Texas, mahali ambapo mwaka 1893 umati wa maelfu ulikusanyika kutazama Henry Smith, mtu Mweusi, akichomwa moto hadi kufa. Hancock ana shujaa wake wa vibonzo, Torpedoboy, na tangu 2014 amekuwa akimkutanisha na watu wa kofia wa Guston. Novemba 2024 makumbusho ya Kiyahudi ya New York, pale pale ambapo Guston alionyesha vichwa vyake vyeusi mwaka 1966 kabla ya kuweka brashi chini, iliwatundika wawili hao pamoja. Kwenye picha za Hancock mtu wa Klan anazungumza, anashawishi, anaahidi, na Torpedoboy anamsikiliza huku akijua anasimama mbele ya nani.